3.00-17, 80/100-17 na 90/90-17: jibu kwa kijana wa Morogoro

Marahaba mdogo wangu, na nashukuru umeuliza kabla hujatoa hela, maana wengi wananitafuta tairi ikiwa imeshafungwa na imeshaanza kula madigadi, hapo tena hakuna duka litakaloipokea.

Nirudie swali lako kwa kifupi ili na wenzako wanaosoma wafuate. Unapiga boda Morogoro, pikipiki yako ni Boxer ya spoku, tairi ya nyuma imeandikwa 3.00-17 50P na imebaki kipara. Dukani wamekwambia 3.00 zimeisha, zilizopo ni 80/100-17 na 90/90-17, muuzaji anasema zote ni 17 zitaingia tu, fundi wako anasema beba 90/90 kwa vile ni nene, na mwenzako kijiweni kakwambia 90/90 maana yake upana 90 na urefu 90. Mbele nako unataka kubadilisha, ilikuwa 2.75-17, ukazidisha mwenyewe ukapata 70 kwahiyo unafikiria kuchukua 70/90-17. Alafu dada yako ana skuta ya 3.50-10 na yeye kaambiwa zipo 90/100-10 na 100/90-10, achukue ipi. Na mwisho ukauliza ile R inayoandikwa kwenye tairi kama R17 maana yake nini.

Nianze na hiyo ya mbele kwa sababu ndo yenye hatari na ndo umeshaikaribia kuinunua. Usichukue 70/90-17. Hesabu yako ya kuzidisha iko sawa kabisa, inchi moja ni milimita 25.4, 2.75 ukizidisha unapata 69.85, ambayo ni 70. Lakini umehesabu upana peke yake ukasahau kimo, na tairi za inchi zina kimo ambacho hakijaandikwa popote, kimejificha.

Iko hivi. Tairi ya inchi kama 2.75 au 3.00 au 3.50, yaani zile zinazoishia na .00, .25, .50 au .75, kimo cha ubavu wake kinakaribia kulingana na upana wake. Ikiwa upana ni inchi 3, basi kutoka ukingo wa ringi mpaka juu kwenye kashata, yaani vile vimeno vinavyogusa barabara, nako ni kama inchi 3. Ndo maana zamani hakuna aliyehangaika kuandika kimo, tairi zote zilikuwa na umbo moja la mviringo, ukijua upana umeshajua kimo. Baadae viwanda vikaanza kutengeneza tairi pana zenye ubavu mfupi, sasa namba moja ikawa haitoshi, ikabidi iongezwe ya pili inayosema kimo ni asilimia ngapi ya upana. Hapo ndo tukapata hizi za mkwaju katikati. Kwahiyo 90/90 siyo upana 90 na kimo 90, ni upana milimita 90 na kimo ni asilimia 90 ya huo upana, yaani 90 mara 0.9, milimita 81. Mwenzako wa kijiweni hajakosea sana kwenye hii kwa sababu 81 na 90 ziko jirani, ila kwa mawazo hayohayo akikutana na 130/70 ataamini kimo ni milimita 70 wakati ukweli ni 91.

Namba ya mwisho, 17, hiyo ni kipenyo cha ringi na ni inchi kwenye mifumo yote miwili. Hapa ndo wengi wanachanganyikiwa, wanaona milimita mwanzoni wanadhani na mwishoni ni kitu kingine, hapana, tairi inayoitwa ya milimita ina milimita kwenye upana tu, ringi imebaki inchi tangu zamani. Walishajaribu kuiondoa, Michelin mwaka 1975 walitoa tairi za gari za TRX ambazo ringi zake zilikuwa za milimita, 390 kwa mfano, ukiwa nazo huwezi kufunga tairi nyingine yoyote ya kawaida, na soko halikuzishika. Kwahiyo 17 ni 17, hii haina mjadala, 18 haiingii kwenye 17 na 17 haiingii kwenye 18, nimeshaona mtu analazimisha kwa sabuni na vyuma vitatu mpaka waya wa ukingo wa tairi ukakatika ndani, na waya ukishakatika hiyo tairi imekufa hata kama kwa nje inang'aa.

Sasa turudi mbele kwako tupige hesabu kamili. Ringi ya 17 ni milimita 432. Tairi ya 2.75 ina kimo kama 70, juu na chini ni 140, jumla 572. Ile 70/90 uliyotaka kimo chake ni 70 mara 0.9, yaani 63, juu na chini 126, jumla 558. Umeona, unashusha gurudumu lako milimita 14. Na ukitafuta 70/90-17 inalingana na nani kwenye inchi, utakuta ni 2.50-17, maana 2.50 ni 63.5, mara mbili 127, ongeza 432 unapata 559. Kwahiyo ulikuwa unajinunulia tairi ndogo kwa saizi nzima ukiamini umechukua ileile. Ya kwako mbele wenzake ni 70/100-17, hiyo inatoa 572 kamili, au 80/90-17 ambayo inatoa 576. Mi kwa boda ningechukua 80/90 kwa sababu ya uzito, ntakuja huko.

Na kuna kitu kingine kidogo kwenye gurudumu la mbele, pikipiki nyingi hizi ndogo waya wa spidi unatoka kwenye habu ya mbele, ukifunga gurudumu dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, spidi inasoma juu kuliko unavyotembea na kilomita zinahesabika nyingi. Kwa 558 badala ya 572 ni kama asilimia 2 na nusu, siyo kubwa lakini kama unabadilisha oili kwa kuhesabu kilomita ujue hilo. Ukibadilisha ya nyuma mshale wa spidi haujui chochote.

Haya nyuma. 3.00 ni milimita 76, mara mbili 152, ongeza 432, ni 584. Ile 80/100 ni 80 juu na 80 chini, 592. Ile 90/90 ni 81 na 81, 594. Kwa kimo hizo mbili zinatofautiana milimita 2 tu, na zote zinazidi ya kwako kwa 8 mpaka 10. Lakini usitishike na hizo 8, kwa sababu tairi ya 3.00 ukishaifunga na kuijaza upepo ukaipima kwa kaliba mara nyingi unakuta upana wake ni 80 hivi, siyo 76, hizi namba za ubavuni ni majina yaliyozungushwa, tairi mbili zenye namba moja kutoka viwanda viwili zinaweza kupishana milimita kadhaa. Kwahiyo kwa umbo mwenzake wa kweli wa 3.00-17 ni 80/100-17. 90/90 ni jirani wa pili, nayo inafaa, ila ni pana zaidi kwahiyo kuna vitu viwili lazima uangalie kabla.

Cha kwanza ni upana wa ringi, na hiki ndo mafundi wengi hawakiangalii kabisa. Chukua kitambaa ufute ringi yako, utakuta imegongwa namba kama 1.60x17 au 1.85x17, hiyo namba ya mbele ni upana wa ndani wa ringi kwa inchi, kutoka ukingo mpaka ukingo. Ringi ya 1.60 inabeba 3.00 na 80/100 vizuri, haina shida. 90/90 inataka 1.85 kwenda 2.15. Ukiiweka 90/90 kwenye 1.60 itaingia, ndio, itajaa upepo, na itakaa, ila ukingo wake wa chini umebanwa ubavu unavimba kama puto, juu kunakuwa na mgongo. Matokeo yake inagusa lami katikati tu, katikati inaisha haraka wewe unasema tairi feki, kumbe umeibana, na kwenye kona pikipiki inaanguka ndani ghafla badala ya kulala taratibu. Nilikuwa na mteja wa Mbagala alikuja na 110/90 nyuma kwenye ringi nyembamba ya namna hiyo, alikuwa anaipenda kwa sababu inaonekana ya kibabe, ile tairi katikati ilikuwa imeisha kabisa na pembeni vinyweleo vya kiwandani bado vipo. Alishaanguka nayo mara mbili kwenye mzunguko na hakuwa amehusisha. Tulirudisha saizi yake na alipoizungusha mtaani tu akarudi akaniambia anahisi kama kapewa pikipiki nyingine. Kwahiyo fundi wako akikwambia nene ndo nzuri, muulize ringi yako ni ngapi, akishindwa kujibu mwambie mfute pamoja muone.

Cha pili ni nafasi. Legeza akili uangalie tairi ya zamani ikiwa imefungwa, pitisha kidole kati ya tairi na mkono wa nyuma wa pikipiki unaoshika gurudumu, kila upande, na kati ya tairi na madigadi kwa ndani, na upande wa cheni. Kumbuka kama cheni yako ni mpya na gurudumu limesogezwa mbele kabisa basi nafasi ni ndogo kuliko siku cheni ikiwa imelegea na gurudumu limevutwa nyuma, kwahiyo pima kwa hali ile mbaya zaidi. Na pima ukiwa na mtu amekaa, kwa sababu ukibeba watu wawili kwenye mashimo shoki zikizama tairi inapanda juu kwenye madigadi, ukiwa umesimama kijiweni kila kitu kinaonekana kina nafasi.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho nataka ukishike hata ukisahau hesabu zote za juu. Zile 50P.

Muuzaji akikwambia zote ni 17 zitaingia, kasema kweli kuhusu kuingia. Swali la boda ni itabeba? 50 ni namba ya uzito, siyo kilo hamsini, ni namba ya kwenye jedwali la kimataifa, na 50 maana yake kilo 190 kwa tairi hiyo moja ikiwa na upepo wake kamili. 41 ni kilo 145. 46 ni kilo 170. 49 ni kilo 185. 52 ni kilo 200. P ni spidi, P ni mpaka kilomita 150 kwa saa, hiyo hufiki kwahiyo isikusumbue, hata L ambayo ni 120 inakutosha. Sasa mi nimeshazishika 80/100-17 zilizoandikwa 46P. Angalia kilichotokea hapo, umbo ni lilelile, ringi ni ileile, kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini umetoka kwenye tairi ya kilo 190 ukaenda ya kilo 170, umepoteza kilo 20 na bei uliyolipa ni ileile au zaidi. Hizo tairi zinafaa kabisa kwa mtu anayeenda kazini na kurudi peke yake. Wewe piga hesabu ya siku yako, pikipiki na mafuta yake tuseme 115, wewe 70, abiria 75, na gunia la mchele kilo 50 nyuma, hiyo ni 310. Tuseme theluthi mbili zinaangukia nyuma, na ukiweka gunia kwenye keria inaweza kuzidi hapo, ni kama kilo 207. Hata ile 50P yako ya kiwandani imeshazidiwa, sasa ukishuka kwenda 46P ubavu unajikunja kupita kiasi, tairi inachemka, nyuzi za ndani zinaanza kuachana, na siku ya joto kwenye lami ya kwenda Dumila inapasuka ukiwa na mama wa watu nyuma. Nimewahi kuitwa kuangalia tairi iliyopasuka hivyo, kashata zilikuwa bado nzima. Ndo maana nasisitiza hadi nachosha.

Kwahiyo jibu lako la nyuma ni hili, nenda dukani uziinamishe zote mbili usome ubavuni. Kama 80/100-17 imeandikwa 50 au zaidi chukua hiyo, imalizane. Kama ni 46 na 90/90 ni 49 au 50, na ringi yako ni 1.85, na kidole kimepita, chukua 90/90. Kama 80/100 ni 46 na ringi yako ni 1.60, usichukue yoyote, subiri 3.00-17 50P iletwe au agiza Dar kwa basi, siku mbili za kusubiri siyo nyingi. Mbele hivyohivyo, ya kwako 2.75 kwa kawaida ni 41P, basi isishuke hapo, ile 70/90 mara nyingi ni 38 ambayo ni kilo 132, umeona sasa kwanini nilikukataza mapema, ilikuwa inakukata kote kote.

Utakutana pia na maneno 4PR au 6PR. Hiyo inaeleza ugumu wa mzoga wa tairi, zamani ilikuwa idadi ya matabaka ya nyuzi lakini siku hizi siyo idadi tena ni kipimo cha nguvu. 6PR ni ngumu kuliko 4PR ya saizi ileile na kwa boda tafuta 6PR ukiipata.

Na hiyo R uliyouliza mwishoni mwa ujumbe. Kila mtu anasema R17 ni ringi 17, nimeisikia hata kwa wauzaji wa miaka mingi. R siyo ringi, ni radial, yaani jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, zinakatisha moja kwa moja kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine. Tairi zetu ndogo zina kistari tu kati ya namba, 3.00-17, kile kistari maana yake nyuzi zimepishana kwa mshazari. Ukikuta B ni ya mshazari yenye mkanda juu yake. Pikipiki ndogo karibu zote ni za kistari na zinatakiwa zibaki hivyo mbele na nyuma, usichanganye mbele ya kistari nyuma ya R, hazijipindi sawa kwenye kona.

Kuna tairi za inchi ambazo zinavunja ile kanuni yangu ya kimo sawa na upana, hizi ni zile zenye namba za ajabu ajabu kama 3.60, 4.10, 4.60. Utaikuta 4.10-18 nyuma kwenye pikipiki nyingi za porini, DT za Yamaha zikiwemo. Hizo kimo chake ni kama asilimia 85 tu ya upana, kwahiyo usizipigie hesabu ya moja kwa moja. Haikuhusu wewe lakini najua kuna mtu wa DT anasoma hapa.

Kuhusu tyubu, ringi ya spoku inavuja upepo kwenye kila tundu la spoku kwahiyo lazima tyubu iwepo hata kama tairi imeandikwa TL, yaani ya kutumika bila tyubu. TL kwenye ringi ya spoku ukiweka tyubu ndani hakuna ubaya. Kinyume chake ndo hakiwezekani, tairi ya TT, yaani ya tyubu, kuifunga bila tyubu. Tyubu yako ya 2.75/3.00-17 itaenda kwa 80/100, ila ukichukua 90/90 nunua tyubu iliyoandikwa hiyo saizi, na usiweke tyubu kubwa kwenye tairi ndogo, inajikunja ndani na mkunjo unajikata wenyewe, utaziba pancha kila wiki ukilaumu misumari. Tairi mpya tyubu mpya, utepe wa ringi mpya, poda kidogo ndani. Na soma tarehe, ni tarakimu nne kwenye kiduara kirefu ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa dirishani kwenye jua miaka sita imeshakakamaa, bembeleza uletewe nyingine ya stoo.

Skuta ya dada yako nayo hesabu ni ileile. Ringi ya 10 ni milimita 254. 3.50 ni 89 juu na chini, jumla 432. 90/100 ni 90 na 90, jumla 434. 100/90 ni 90 na 90, jumla 434. Kwa kimo zote mbili ni sahihi, kinachozitofautisha ni upana tu, kwahiyo hapo ringi ndo inaamua, na kwa ringi iliyotoka kiwandani na 3.50 mi ningempa 90/100 bila kuwaza sana, hiyo 100/90 inajaa upande wa injini na kwenye skuta nyingi pale nafasi ni ndogo. Aangalie isije ikawa skuta ya umeme, maana hizo baadhi zinaandika kwa mtindo wa baiskeli, 14x2.50, ambapo 14 inakaribia kipenyo cha nje cha tairi nzima siyo ringi, ringi yake ni ileile ya inchi 10, na ukiangalia vizuri pembeni yake utaona 64-254, hiyo 254 ndo inakwambia ukweli. Lakini kama kwake imeandikwa 3.50-10 basi ni ya kawaida. Na kama ni Vespa yenye gurudumu la spea, magurudumu matatu yanabadilishana nafasi kwahiyo anunue saizi moja kwa yote, siku ya pancha asifunge nyuma kitu ambacho hakijawahi kuzunguka pale.